Usimzike Kabla Hujamtazama

Mabibi na mabwana, wazee wangu, ndugu zangu wapenzi wa picha za kale, habari za jioni.

Waandaaji wamenipa dakika arobaini, nami nimekuja na picha moja tu. Ni ndogo kuliko kiganja changu: upana sentimita saba, urefu nane hivi. Imo ndani ya kijaluba cha mbao kilichovikwa ngozi, kinachofunguka kama kitabu. Upande mmoja kuna mto mdogo wa mahameli nyekundu. Upande wa pili, nyuma ya kioo na fremu nyembamba ya shaba, amesimama kijana wa kikosi cha wapanda farasi wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865. Nimeikuza hapo ukutani ili na walioketi nyuma waone.

Nyuma ya picha kuna kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili. Kimeandikwa kwa penseli, mwandiko wa kulala: "Ndugu yangu. Ameuawa Virginia."

Mnaona? Nyuso zenu zimebadilika. Dakika moja iliyopita mlikuwa mnatazama koti, vifungo na upanga. Mama mmoja hapo mbele alikuwa anatabasamu kwa jinsi kofia ilivyo kubwa mkononi mwa kijana. Sasa ukumbi umetulia kama tuko matangani. Picha haijabadilika hata chembe. Ni maneno machache tu yameingia kati yenu na yeye.

Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, tena zaidi yenu. Kwa miaka miwili nilitembea na kijaluba hiki nikisimulia kwamba kijana huyu alianguka katika pambano la Brandy Station, jimbo la Virginia, kitara mkononi, farasi akikimbia. Nilisimulia vizuri sana. Watu walitoa machozi. Mpaka siku moja mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele, baada ya makofi kwisha, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, umejuaje?" Nikamjibu kwa maneno mengi, na ninyi mnajua maneno mengi huwa dalili ya nini. Nilichokuwa nacho mkononi ni neno "Virginia" na picha ya upanga. Mengine yote niliyaongeza mwenyewe.

Basi leo ninawaomba tuanze upya, tumtazame kwanza akiwa hai. Siku alipopigwa picha hii alikuwa hai.

Waingereza huiita picha ya namna hii tintype, kwa jina la madini ambayo hayamo ndani yake. Kiswahili chetu kimepatia zaidi: picha ya bati, bati lile lile la maana ya karatasi ya chuma. Njia hii ilipewa hataza Marekani mwaka 1856 na Hamilton Smith, profesa wa sayansi katika jimbo la Ohio. Chuma chembamba hupakwa vanishi nyeusi, humiminiwa kolodioni, dawa ya maji inayonata, huchovywa kwenye dawa yenye chumvi ya fedha, kisha huingizwa kwenye kamera kikiwa bado kimelowa. Mpiga picha hana nafasi ya kuzubaa. Dawa ikikauka, kazi imeharibika. Ndani ya dakika chache picha imeshatoka, imeshasafishwa, na mteja anaondoka nayo.

Hapo kuna jambo ambalo huwa linanisimamisha. Picha ya bati haina negativu, ile picha ya kinyume ya kuchapia nakala. Haina nakala. Chuma hiki mnachokiona ndicho kilichokuwa ndani ya kamera, hatua chache kutoka kifuani pake, na mwanga uliogonga uso wake ndio uliopiga chuma hiki. Kama ipo njia ya kukaribiana na mtu wa miaka ya 1860 bila kufukua kaburi, ni hii.

Lakini kwa sababu haina negativu, picha imegeuka kama kwenye kioo. Tazameni kitara. Kinaning'inia upande wa nyonga ya kulia. Mpanda farasi hakuvaa hivyo. Ala ilikaa kushoto ili mkono wa kulia uchomoe. Tazameni pia vifungo vya koti, navyo vimefungwa upande usio wake. Hakukosea kuvaa. Picha ndiyo iliyomgeuza. Kuna askari waliolijua jambo hili, wakahamisha mikanda na silaha zao upande wa pili kabla ya kupigwa picha, ili nyumbani waonekane sawasawa. Huyu wetu hakujua, au hakujali. Napenda kufikiri hakujali, ila hayo ni mambo ya moyo wangu, msiyaandike.

Koti lake ni lile fupi la wapanda farasi, linaloishia kiunoni, lenye vifungo 12 kifuani na tepe kwenye kola. Tepe ile inaonekana nyeusi, si ndiyo? Ilikuwa ya manjano. Jeshi lilitofautisha watu wake kwa rangi: manjano kwa wapanda farasi, nyekundu kwa mizinga, samawati kwa askari wa miguu. Kolodioni haikuiona dunia kama tunavyoiona sisi. Ilikuwa kali kwa buluu na karibu kipofu kwa manjano na nyekundu. Kwa hiyo manjano inatoka nyeusi, na suruali ya samawati inatoka karibu nyeupe. Wapiga picha walijua udhaifu huo, wakawa na brashi ndogo mezani. Vifungo hivi vimeguswa kwa rangi ya dhahabu, kimoja kimoja. Wekundu wa mashavuni mnaweza kudhani ni aibu yake, lakini ni rangi ya waridi iliyopakwa na mtu mwingine baada ya picha kukauka.

Sasa tuje kwenye macho, maana najua ndiko mliko. Kila ninapoionyesha picha hii, mtu hunifuata baadaye na kuniambia: "Macho yake yalikuwa yanajua." Yalikuwa yanajua kifo, maana yake. Ndugu zangu, macho yale yamepauka kwa sababu ya kolodioni; jicho la buluu hutoka jeupe kama la samaki aliyechemshwa. Na yamekaza kwa sababu ameambiwa asitikisike. Kupigwa picha kulichukua sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi, kutegemea mwanga wa siku ile. Nyuma ya kisogo chake kuna chuma chenye mikono miwili kilichoshika kichwa kisiyumbe. Mguu wa chuma hicho mnauona hapo chini, nyuma ya buti zake. Kwenye intaneti wapo wanaouona mguu ule na kutangaza kwamba aliyesimama ni maiti aliyesimamishwa. Chuma kile hakina nguvu hizo. Kilitengenezwa kumtuliza mtu aliye hai, maana walio hai ndio wenye tabia ya kutikisika.

Jaribuni wenyewe. Kazeni macho mtazame kona moja ya ukumbi huu, bila kucheka, bila kupepesa, hesabuni mpaka kumi. Haya. Mlipofika saba, kila mmoja wenu alikuwa na macho yanayojua kifo.

Mkono wake wa kushoto, kwa maana ya kushoto kwenye picha, ameshika kofia. Mbele ya kofia kuna beji ya shaba: vitara viwili vilivyopishana. Hiyo ndiyo alama ya wapanda farasi. Juu ya vitara hukaa namba ya rejimenti, chini yake herufi ya kombania. Herufi inasomeka, ni K, imegeuka. Na namba je? Kidole gumba chake kimeikalia. Nimekitazama kidole hicho kwa lenzi, kwa taa ya pembeni, kwa skana, kwa kila njia isiyomdhuru. Kidole hakiondoki. Nimekuwa na ugomvi nacho kwa muda mrefu kuliko ugomvi wowote nilionao na mtu aliye hai.

Kitara nacho kina maneno yake. Watu wakikiona huwaza mashambulizi, vumbi, chuma kwa chuma. Hesabu za hospitali za jeshi la Muungano zinasema vingine: kati ya majeruhi karibu 250,000 waliotibiwa, walioumizwa kwa kitara au kwa singe hawakufika 1,000. Risasi ndizo zilizomaliza watu. Na mara nyingi wapanda farasi hawa walipigana wameshuka: watatu wanakwenda mbele na bunduki fupi, wa nne anabaki nyuma ameshika hatamu za farasi wanne. Yule wa nne hapigwi picha akiwa katika kazi hiyo. Mbele ya kamera kila mtu alitaka kitara, na studio nyingi zilikuwa na silaha za kuazima kwa mteja aliyekuja mikono mitupu. Kwa hiyo hata kitara hiki siwezi kuapa kwamba ni chake.

Mwanzoni mwa vita askari wa miguu wa Kaskazini walikuwa na kejeli yao: "Nani amewahi kumwona mpanda farasi aliyekufa?" Walimaanisha kwamba hawa mabwana wa viatu virefu hupita wakipiga mbio na kuwaachia wengine kufa. Kejeli hiyo ilipungua baada ya tarehe 9 Juni 1863. Alfajiri ile wapanda farasi wa Muungano walivuka mto Rappahannock na kuwashtukiza wale wa Jenerali J.E.B. Stuart wa jeshi la Kusini karibu na Brandy Station. Walipigana kutwa. Walikuwa wapiganaji karibu 20,000, wengi wao juu ya farasi, na ndilo pambano kubwa kuliko yote ya wapanda farasi yaliyowahi kutokea katika bara la Amerika Kaskazini. Liko Virginia. Ndiyo maana nililichagua, kama mtu anayechagua kaburi zuri kwa ajili ya mgeni.

Lakini Virginia ilikuwa na vita kwa miaka minne. Na neno "kufa vitani" lina vyumba vingi. Jeshi la Muungano lilipoteza watu karibu 360,000. Kati yao, waliouawa kwa silaha, papo hapo au baadaye kwa majeraha, ni kama 110,000. Wengi wa waliosalia waliuawa na kuhara damu, homa ya matumbo, surua, nimonia. Vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuishi na watu mia moja pamoja walirundikwa kambini, wakanywa maji yaleyale waliyoyachafua. Nikiwahesabu wa pande zote mbili, hesabu ya zamani ilisema 620,000; mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker, akitumia takwimu za sensa, aliipandisha hadi karibu 750,000. Katika umati huo, aliyekufa akiwa kwenye farasi, kitara juu, ni wa kutafuta kwa taa.

Ingawa hivyo, wauzaji wanampata kila wiki. Mtu anayenunua picha za vita hulipa zaidi kwa askari aliyeuawa kuliko kwa yule aliyerudi nyumbani akalima, akazeeka na kufa akilalamikia magoti. Kwa hiyo karatasi huingia ndani ya vijaluba. Penseli ni rahisi. Mimi niliwahi kuuziwa picha nyingine yenye kikaratasi cha machozi kabisa, nikaja kugundua kuwa kimeandikwa juu ya karatasi ya kizazi cha wajukuu wa askari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona picha inatembezwa kwa kifo chake, ishike kwa mikono miwili na uulize maswali.

Tunaulizaje? Kwanza tarehe. Kati ya tarehe 1 Septemba 1864 na tarehe 1 Agosti 1866 serikali ya Marekani ilitoza kodi ya picha ili kulipia vita. Mpiga picha alibandika stempu ya kodi nyuma, akaikata kwa kalamu isitumike tena, mara nyingi na tarehe. Hii yetu haina stempu wala alama ya gundi, kwa hiyo naiweka kabla ya Septemba 1864. Pili, makaratasi. Hifadhi ya Taifa ya Marekani, mjini Washington, ina kumbukumbu za utumishi wa kila askari wa kujitolea, na ina majalada ya pensheni. Sheria ya tarehe 14 Julai 1862 ilimpa mjane wa askari wa kawaida dola 8 kwa mwezi, na ikawataja pia watoto, mama, na hata dada yatima aliyekuwa akimtegemea kaka yake. Lakini ilibidi waoneshe ushahidi. Katika majalada hayo mtu anakuta kurasa zilizochanwa kutoka Biblia za nyumbani, zile ambamo baba aliandika tarehe za ndoa na za kuzaliwa. Mtu alichana Biblia yake kwa ajili ya dola 8.

Tatu, siku hizi kuna mashine. Tangu 2018 upo mtandao uitwao Civil War Photo Sleuth, unaopima uso wa askari asiyejulikana na kuulinganisha na nyuso zenye majina. Nilimpeleka kijana wangu huko. Nikarudishiwa vijana kadhaa wenye taya kama yake. Mmoja alinisimamisha moyo kwa siku tatu, mpaka nilipolinganisha masikio. Sikio halidanganyi kama taya.

Sasa niruhusuni niwasimulie habari ya mtu ambaye hakuwa mpanda farasi. Alikuwa askari wa miguu, sajenti Amos Humiston, wa rejimenti ya 154 ya New York. Aliuawa katika pambano la Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, tarehe 1 Julai 1863. Walipoukuta mwili wake haukuwa na kitu cha kumtambulisha, ila mkononi alikuwa na picha ya kioo: watoto watatu wamekaa pamoja. Picha ile ikamfikia tabibu mmoja wa Philadelphia, John Francis Bourns. Magazeti ya wakati ule hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha. Basi tarehe 19 Oktoba 1863 gazeti la Philadelphia Inquirer likachapa maelezo: watoto wangapi, umri wao wa kukadiria, nani kakaa wapi, shati la nani limeshonwa kwa kitambaa cha namna gani. Maneno matupu. Magazeti mengine yakayarudia, mpaka katika mji mdogo wa Portville, New York, mama mmoja, Philinda, aliyekuwa hajapata barua ya mumewe tangu vita ile, akayasikia. Akaandika kuomba nakala. Nakala ikaja. Watoto walikuwa wake.

Fikirini kilichofanyika pale. Mtu fulani alikaa na picha, akajizuia kulia, akaandika anachokiona: kitambaa, umri, mpangilio wa viti. Angeandika "watoto wenye huzuni wa shujaa aliyeanguka", Philinda asingejua kamwe. Shati ndilo lililomrudishia mumewe jina.

Ndiyo maana nimewachosha kwa vifungo.

Nirudi kwenye kikaratasi chetu. Nimekichunguza, karatasi ni ya umri wa picha, na penseli imezama mahali ambapo bati liliikandamiza kwa miaka mingi. Nakiamini. Lakini tazameni kinachosema. Neno la Kiingereza alilotumia mwandishi, brother, halituambii kama askari alikuwa mkubwa au mdogo kwake. Angeandika kwa Kiswahili kaka yangu au mdogo wangu, tungejua. Halituambii kama aliyeandika ni mwanamume au mwanamke. Wala hakuandika jina. Na kwa nini aandike? Ungemwandikia nani jina la ndugu yako aliye katika kijaluba kilicho kwenye droo yako? Sisi hatukuwamo katika hesabu yake. Kikaratasi hiki si cha kutuarifu. Ni mtu aliyekuwa akijiambia mwenyewe.

Kwa hiyo ninavyo vitu viwili katika kijaluba kimoja. Bati ni la askari: siku moja, kabla ya Septemba 1864, kijana mwenye koti jipya anaamrishwa asitikisike, kidole gumba kimekaa pabaya. Karatasi ni ya mtu mwingine, siku nyingine, baada ya barua au orodha ya gazetini kufika nyumbani. Nilipokuwa nikisimulia Brandy Station, nilikuwa nimevichanganya, nikamfanya kijana asimame mbele ya kamera akiwa tayari amekufa. Nilimnyima hata hiyo siku moja ya studio.

Kuhusu utunzaji nitasema machache, maana wengi wenu mna picha kama hizi. Msifute kwa kitambaa, hata kikavu. Vanishi huondoka pamoja na uso. Unyevu ni adui, kutu huanzia pembeni na kuinua picha kama ngozi inayobambuka. Msifungue kijaluba kwa udadisi. Nilichofanya mimi nilikifanya mara moja, kwa msaada wa mtaalamu, na sitarudia. Pigeni picha ya kila kitu kabla ya kugusa, pamoja na upande wa nyuma.

Jambo la mwisho ni kijaluba chenyewe. Vijaluba hivi vilishikiliwa na ukanda wa ngozi mgongoni, kama kitabu. Ngozi hiyo hukatika, ndicho kitu cha kwanza kuharibika. Hiki chetu kilikatika zamani. Mtu akakishona. Ametumia kipande cha kitambaa cha pamba, cha buluu yenye vidoa vyeupe, kitambaa cha gauni la nyumbani, na mishono yake ni midogo sana, kama ya mtu aliyekuwa na jioni ndefu. Kisha kitambaa nacho kimechakaa pale pale kwenye mkunjo, nyuzi zimebaki chache. Yaani kilifunguliwa na kufungwa mpaka ngozi ikaisha, kikashonwa, kikafunguliwa na kufungwa tena mpaka kitambaa kikaribia kuisha.

Nimekiweka hapo mezani, chini ya taa. Njooni wawili wawili, mkiinama kidogo ili mwanga uteleze juu ya bati. Mtaona dhahabu ya vifungo. Lenzi iko pembeni, na anayetaka kupambana na kile kidole gumba namtakia heri. Nawaomba jambo moja tu: kimeshafunguliwa, basi mtu asikifunge. Mkunjo umechoka.

Asanteni sana.